Mgongo wa Mwanamke Anayeoga

Aliyenifundisha kuchora alikuwa mke wa afisa wa Kiingereza pale Tabora, niliyekuwa namshonea magauni. Alinifundisha kwa dharau. Alinipa picha ya kuchapwa, nakala ya mchoro wa kale wa Ulaya: mwanamke anaoga, ametugeuzia mgongo, kitambaa kiunoni. Akataka niirudie kwa rangi za mafuta, ingawa alisema hatarajii niimalize.

Niliichukia sauti yake, lakini rangi zilinishika. Nilikuwa nachora barazani kwake. Nikipaka ngozi kabla vivuli havijakauka, aliikwangua kwa kisu. Mgongo ule ulinitesa. Ukiutazama haraka ni mweupe. Ukiukazia macho, una kijani chini ya bega, na wekundu penye mbavu.

Mvua zilipoanza alinifukuza barazani, eti namchafulia sakafu. Nikaibeba turubai yenye picha hadi nyumbani Isevya, tulikokaa na mama mkwe. Mume wangu alikuwa safarini na garimoshi la Kigoma. Mama yake hakunitaka tangu siku ya posa, na kila asubuhi alikwenda misa kuniombea niongoke.

Siku moja nilirudi kutoka sokoni nikamkuta amepiga magoti chumbani, anaisugua picha kwa kitambaa na mafuta ya taa. Mgongo ulikuwa umegeuka tope.

"Mama, unafanya nini?"

"Nakusitiri. Huyu ni wewe. Wazungu wamekuchungulia unaoga."

Nikamwambia ni mwanamke wa Ulaya, alikufa kabla babu za mama mkwe hawajazaliwa. Akajibu kwamba hata maiti husitiriwa, akaendelea kusugua. Nikamnyang'anya kitambaa.

"Ukiigusa tena, nitakuchora wewe."

Akainuka taratibu, akatoka. Kesho yake nilimwamkia shikamoo, hakuitikia.

Mume wangu aliporudi alisema mama ni mama, picha itoke. Nikatoka nayo. Nilipanga chumba Itetemia, nikaanza upya juu ya lile tope, kwa hasira. Mume alinifuata baada ya mavuno, akiwa na godoro kichwani na uso umekunjamana. Mama yake hakukanyaga kwangu.

Nilipoimaliza picha nikampelekea mwalimu wangu, yule mke wa afisa. Aliitazama kitambo, akasema bega la kushoto limekaa vibaya. Lilikuwa limekaa vibaya kweli. Nikaichukua picha yangu, nikaondoka bila kumshukuru.