Tambi Alizoziosha Dada

Nimerudi likizo kutoka shuleni Issenye, nikakuta chumba cha jirani yetu hapa Bomani kimekuwa duka la vocha. Nikasimama pale mlangoni mpaka muuzaji akaniuliza, "Mtandao gani, dada?" Nilikuwa natafuta harufu ya mchaichai.

Wewe hukuiona Tarime ya wakati ule, dhahabu ilipowaleta watu wa kila namna. Jirani yetu alitoka Laosi, mbali huko Asia. Mume wake alikuwa fundi wa mashine za kusaga mawe kule Nyamongo. Mama yule alikuwa hali nyama wala samaki. Bibi alimwonea huruma. "Sasa huyu Mungu alimpa meno ya nini?" Lakini siku alipoonja supu yake ya tambi, alikomba bakuli kwa kidole.

Nilitamani kuijua supu ile. Tatizo lilikuwa aibu: jirani akiniita, nakimbilia nyuma ya pazia. Basi akachagua kumfundisha binti wa mjomba, aliyetoka Mugumu kuja kuishi kwetu, ambaye shikamoo yake ilisikika tangu barabarani. Nilimwita dada, lakini roho iliniuma. Kila alipokanda mle ndani, mimi nilikuwa dirishani. Unga wa mchele na wanga wa muhogo, maji ya moto, kisha kukata nyuzi nene na kuzinyunyizia unga zisishikane. Sufuriani uyoga, karoti, tangawizi, mchaichai. Tambi ziliingia na unga wake uleule, ndio ulioifanya supu iwe nzito. Nadhani dada hakuligundua hilo, kwa vile mdomo wake haukupumzika.

Kisha bibi akaugua malaria. Siku mbili akakataa uji, akakataa ugali. Siku ya tatu akasema, "Labda zile tambi za jirani." Jirani alikuwa amemfuata mumewe Nyamongo, kwa hiyo dada akajifunga kanga akaingia jikoni. Alikanda vizuri, akakata vizuri. Halafu akachukua beseni la maji.

"Unaziosha?" nilimuuliza.

"Zina vumbi la unga. Unataka bibi ale uchafu?"

Hapo ndipo ningeweza kusema. Neno moja tu. Nikanyamaza, na kusema kweli nilifurahi.

Supu ilitoka nyepesi kama maji ya kunawa. Bibi akanywa vijiko viwili, akageukia ukutani. Alilala na njaa tena, na dada akalia huku amejifunika kanga usoni. Mimi sikulia.

Kesho yake jirani alirudi, akatazama sufuria, akamuuliza dada, "Uliziosha?" Wakapika upya wote wawili. Bibi akala, akashika mkono wa dada, akasema, "Huyu ndiye mpishi wa nyumba hii." Jina hilo likabaki lake.

Mashine za Nyamongo zilihama, na jirani akaondoka nazo. Dada ameolewa Sirari. Bibi tulimzika mwaka juzi. Leo nimepika supu ile peke yangu, sikuosha kitu, ikawa nzito inashika kijiko. Nimekula bakuli moja. Nyingine niliyopakua, sijui nilimpakulia nani, imepoa hapo mezani.