Mtani Hakasirikiwi

Zuena Ngassa, Mnyamwezi, ndiye wa kwanza kwao kusoma chuo kikuu, na wa kwanza kuajiri watu. Kiwanda chake cha kufungasha asali kiko Kanyenye. Asali yenyewe inatoka kwa warina asali wa kijiji cha Ipole. Mnunuzi wake mkubwa, Mzee Abbasi, Mzaramo wa Dar es Salaam, alikuwa amekataa mizigo miwili mfululizo, na sasa amekuja mwenyewe kuvunja mkataba. Akiondoka, warina hawana pa kuuzia.

Zuena alimpokea kama alivyofundishwa darasani: suti, maji ya chupa, maneno ya kupimwa. Mzee akajibu kwa adabu ile ile. "Bidhaa haikukidhi matarajio." Basi. Wakapeana adabu mpaka chai ikapoa, na hakuna aliyeelewa kitu.

Kikombe kikamponyoka Zuena, chai ikatapakaa mezani. Mzee akashindwa kujizuia.

"Ndiyo maana babu zenu walipewa mizigo ya kichwani! Mikononi hamuwezi kitu."

Gerson, meneja mauzo, akakodoa macho. Zuena akacheka mpaka akavua koti. Bibi yake aliwapokea Wazaramo hivyo hivyo, kwa matusi na ugali. Tangu enzi za misafara ya kwenda pwani, Mnyamwezi na Mzaramo ni watani.

"Babu zetu walitembea mpaka baharini. Wenu walikaa barazani wakisubiri kuuliza, 'Mmetuletea nini?' Haya Mzaramo, nitukane vizuri. Asali yangu ina nini?"

"Inanuka moshi kama blanketi la mchoma mkaa! Nyie mnarina asali au mnachoma msitu?"

Hapo ndipo kazi ilipoanza. Wakaenda Ipole. Kumbe mabomba ya kufukizia nyuki yalikuwa yameharibika, warina wakarudia mienge ya nyasi, na hakuna aliyethubutu kumwambia bosi. Zuena akaleta mabomba mapya. Mzee akakubali kuonja mzigo mmoja zaidi, akaupokea, na mkataba ukabaki.

Vyuoni tunafundishwa kuwa kiongozi ni yule asiyeguswa. Uongo mtupu! Wazee wetu walijua kila mkubwa anahitaji mtu wa kumwambia ukweli usoni.

Siku hizi Zuena anafungua vikao vya kiwanda kwa kuomba kusemwa. Juzi Magreth, muosha mapipa, Mgogo na mtani vilevile, alitangulia:

"We Mnyamwezi, hii ratiba ya zamu za usiku ameipanga nani, popo?"

Ukumbi ukavunjika mbavu. Wengine nao wakapata ulimi, na ratiba ikapangwa upya pale pale.