Kombe Mlangoni mwa Thieta

Siku yangu ya kwanza kazini nilinusa kabla sijaona. Wodi ya watoto pale Temeke ilinuka maziwa, dawa ya kupigia deki na maganda ya machungwa, na mapazia ya kijani yalijaa upepo na kupwaya, yakajaa na kupwaya, kana kwamba jengo lenyewe limelala. Nilisimama mlangoni na gauni langu jeupe. Metroni, yaani mkuu wa wauguzi wote wa hospitali, alinitazama viatu, akanitazama kucha, kisha akaniuliza, "Wewe mtoto wa nani?"

"Naitwa Tatu, wa Mzee Saidi, wa Msasani."

"Haya, Tatu. Humu kila kitanda kina mgonjwa mmoja na jeshi la ndugu. Ndugu ndio watakaosema. Wewe usiache kumuuliza mgonjwa mwenyewe, hata akiwa na meno mawili."

Nilijibana nisicheke. Mwenye meno mawili atanijibu nini? Lakini Metroni hakuwa mtu wa mzaha, nikaitikia, nikapewa beseni la maji na kuanza kazi.

Ninyi wauguzi wa sasa mna mashine zinazolia zenyewe. Sisi tulisikiliza kwa sikio. Nilijifunza kujua mtoto wa homa ya mapafu kwa kutazama mbavu zake zinavyoingia ndani akivuta hewa. Nilijifunza kutia kanula, ule mrija mwembamba wa plastiki unaokaa kwenye mshipa ili dripu ipite, katika mkono usiozidi kijiko. Nikifumba macho leo, vidole vyangu bado vinautafuta mshipa ule. Huutafuta hata juu ya meza ya chakula, wajukuu wakanicheka.

Kisha nikahamishiwa zahanati moja huko huko kwetu Msasani, kupima uzito wa watoto na kuchoma chanjo. Asubuhi akina mama walikaa kwenye mabenchi na khanga zao, bahari inasikika ng'ambo ya nyumba, na mimi nikawa nawaning'iniza watoto kwenye mzani mmoja baada ya mwingine mpaka nahisi naangua matunda. Wengi walikuwa na hirizi kiunoni. Mganga mfawidhi, ndiye msimamizi wa zahanati, alikuwa kijana aliyetoka bara, msomi na mwenye bidii. Akaamuru hirizi zote zikatwe, ni uchafu. Tukakata. Wiki iliyofuata mabenchi yalikuwa matupu, na chanjo zimelala kwenye jokofu.

Alizunguka chumba kile tupu, mikono nyuma. Mwishowe akasema, "Nesi Tatu, waiteni. Hirizi isogezeni pembeni, muwachome sindano."

Nimefanya kazi maisha yangu yote kwa agizo hilo. Isogeze pembeni, uchome sindano. Lakini kuna siku kitu hakisogei, na siku hiyo ndiyo ninayotaka kuwasimulia.

Nilikuwa nimerudishwa Temeke, safari hii kama sista mkuu wa wodi ile ile ya watoto. Mchana mmoja wa manyunyu mama mmoja alimleta binti yake, Rukia, wa darasa la pili, tumbo limevimba na midomo imekauka. Alikuwa ameumwa siku kadhaa nyumbani akisomewa. Daktari wa upasuaji alimgusa mara moja tu. "Utumbo umejisokota," aliniambia. "Damu haifiki. Aandaliwe sasa, na kitu chochote kisipite mdomoni." Sababu ya katazo hilo ni nusukaputi, dawa ya kumlaza mgonjwa wakati wa kupasuliwa. Aliyelala usingizi ule akitapika, matapishi huweza kuingia mapafuni, na mtoto akafia mezani kwa maji tu.

Tulikuwa tunasukuma kitanda kwenda thieta, chumba cha upasuaji, baba yake alipotokea kwenye korido. Nilimfahamu. Maalim Shaibu, mwenye madrasa mtaa wa nyuma ya soko, mtu mpole anayesalimia hadi watoto. Mikononi alibeba sahani iliyofunikwa kitambaa cheupe. Harufu ya zafarani na marashi ikatangulia mbele yake, na mimi, mtu mzima na kofia yangu ya kazi, nikajikuta niko barazani kwa bibi yangu nina miaka sita. Bibi alikuwa akituandikia kombe tukiugua: aya za Kurani kwa wino wa zafarani juu ya sahani, zikaoshwa kwa maji ya marashi, ukanywa.

"Anywe hili kwanza," Maalim alisema.

"Hapana," daktari akajibu. "Hata tone."

"Mie sijakataa hospitali, daktari. Nakataa mwanangu apasuliwe bila ya maneno ya Mola wake tumboni."

"Na mimi nakataa afe. Imani ni yako, mzee. Pumzi ni ya mtoto. Sheria inanilinda nikikupita."

"Basi nampeleka nyumbani." Akashika chuma cha kitanda.

Nilikipenda kile kisomo chake, nacho nilikijua kuliko daktari. Na nilijua daktari anasema kweli. Nikashika chuma cha upande wangu. "Maalim," nikasema, "mie pia nimekunywa kombe na nimekua. Lakini kitanda hiki hakirudi. Nitakishikilia mpaka askari waje, na nitamlilia Mungu huku nimekishika."

Alinitazama kama mtu aliyepigwa kofi na nduguye. Mvua ilikuwa inagonga bati taratibu. Hakuna aliyesogea, na tumbo la Rukia halikuwa linatusubiri. Hapo ndipo sauti ya Metroni, aliyekwisha kutangulia mbele ya haki, ilinijia kutoka kwenye mapazia yale ya kijani. Nikainama.

"Rukia, mama, wewe unasemaje?"

Akafungua macho. Alimtazama baba yake, akatazama sahani.

"Baba, nipake," akasema. "Tumbo ndo linauma. Mdomo hauumi."

Maalim alifumba macho. Kombe huogwa pia, hupakwa pia, hilo alilijua yeye kuliko sisi sote. Ila hofu ilikuwa imemsahaulisha. Akachovya vidole, akapaka tumbo la mwanawe polepole, midomo ikimtikisika. Daktari alikuwa na haraka na haki ya kuwa nayo. Alingoja mpaka Maalim alipomaliza, ndipo akasukuma kitanda yeye mwenyewe.

Huko ndani walimsafisha tumbo kwa dawa yao ya rangi ya kahawia, juu ya ile ya zafarani. Thieta nzima ilinukia marashi siku hiyo. Sehemu ya utumbo ilikatwa, na Rukia akapona.

Sitaki mdhani kila mara iliishia hivyo. Wako waliobebwa kwenda nyumbani nikiwa sipo zamu, wa msikitini na wa kanisani, na sijui walikolala. Nyuso zao huja usingizini, na huwa naamka nikiwa na huzuni. Imani ya mzazi niliiheshimu na ninaiheshimu. Lakini mtoto hajapata nafasi ya kuchagua dini yake, na akifa hataipata.

Sasa mimi ni mstaafu, nakaa Kipawa, ndege zinapita juu ya paa na mimi nasinzia kwenye kiti. Mwezi huu nimeambiwa nina vijiwe kwenye mfuko wa nyongo, nipasuliwe. Niliyewaambia wazazi wengi wasiogope, nikaogopa kama wao.

Jana alasiri hodi ikabishwa mlangoni. Maalim Shaibu, mzee wa mkongojo, na nyuma yake Rukia, mama mzima, amebeba kapu. Tukasalimiana; habari za upasuaji wangu zilikuwa zimewafikia. Kabla hajaketi, Maalim akauliza, "Wamekukataza kunywa?"

"Kuanzia kesho usiku, Maalim."

"Vizuri." Akafunua kapu. Zilikuwamo sahani mbili. "Hili unywe sasa, nikikuona." Kisha akaisukuma ya pili mbele yangu. "Na hili ni la kupaka. Rukia kaniambia nisisahau."

Nikainama nikafunika uso kwa ushungi, nikalia.