Nilituma Ufunguo wa Siri, Kisha Nikanyamaza

Nilikosa mimi, si kompyuta. Nikisikia mtu analaumu mtandao, naona kama ananisema mimi.

Mdogo wangu Zuhura alikimbia kipigo cha mumewe hapa Mtwara, akajificha Dar es Salaam. Anakokaa nilijua mimi tu. Tuliandikiana barua pepe, lakini mumewe ndiye aliyekuwa fundi wa intaneti kafe za mjini kwetu. Chochote kilichopita pale angeweza kukisoma.

Binamu yetu Hamisi, aliyesomea mambo hayo, alinielekeza kwa simu. "Dada, kila mmoja wenu atakuwa na funguo mbili. Wa wazi mpe Zuhura, unafunga tu ujumbe unaokuja kwako. Hata shemeji akiuona, hafungui kitu. Wa siri ndio unaofungua. Huo usimpe mtu, hata Zuhura mwenyewe."

Basi barua zake nikawa nazichukua kafe kwa disketi, nakwenda kuzifungulia kwenye kompyuta ya ofisini kwetu. Shemeji aliambulia herufi zisizo na maana. Zuhura akaniandikia kila kitu: kazi ya kushona, mtaa anaokaa, mimba aliyoondoka nayo.

Siku moja akaomba nimtumie tena ufunguo wangu wa wazi, ule niliompa umempotea. Pale kafe foleni nyuma yangu inaguna, nami kwa haraka nikakosea, nikatuma wa siri. Funguo zote mbili zilikuwa kwenye disketi moja. Hata nywila ya kuulinda sikuwa nimeiweka, kwa uvivu wa kuikariri.

Nilipogundua nikampigia Hamisi.

"Tengeneza funguo mpya leo," akasema. "Na namba ya jirani yake unayo. Mpigie, ahame."

"Ahame kwa sababu ya faili? Nitampigia Jumatatu."

Maelekezo yake yalikuwa yamenichosha. Tena niliona aibu kumwambia mdogo wangu kwamba nimeharibu.

Jumatatu haijafika, shemeji aliunasa ufunguo ule kafe, akafungua barua zote, hata za zamani alizokuwa ameziweka, akapanda basi la Dar. Majirani walimwokoa Zuhura mikononi mwake. Mimba ikatoka.

Sina wa kumkasirikia ila nafsi yangu, na hasira haiishi. Zuhura yuko hai, mahali ambapo amekataza niambiwe. Mama akiniuliza atarudi lini, namwambia kazi zimembana.

Wewe unayesoma, ufunguo wa siri ukikutoka, usione haya. Piga simu kabla hujakaa chini. Mwambie mwenzako: nimekosea, ondoka hapo.