Korido ya Mama

Nyumba yetu ya Igowole aliijenga babu, aliyekuwa fundi wa misheni. Aliijenga kwa matofali ya kuchoma, akayaunganisha kwa udongo na chokaa, juu akapanga vigae. Mama aliingia humo akiwa bibi harusi, na mpaka leo hajaishi kwingine.

Baba alipofariki, nyumba ilikuwa imechoka. Mchwa walikuwa wamekula mbao za dari, na mvua ilikuwa inavuja mpaka kitandani. Kaka yangu, anayefanya biashara Chunya, alitaka tuibomoe tujenge ya kisasa.

"Nikifa mtabomoa," mama alimwambia. "Kwa sasa bado naishi humu."

Ikabidi tuikarabati. Mama akahamia kwa muda kwa shangazi, nyumba ya jirani, na mimi nikawa natoka Uyole kila likizo kuja kusimamia. Tulibadilisha mbao, tukavipanga upya vigae vilivyokuwa bado vizima. Mwishoni kazi zilinibana, kaka akaja kumalizia.

Siku ya kumrudisha mama, nilimkuta kaka mlangoni, amechangamka. Alikuwa amepiga lipu korido nzima, ukuta umenyooka, laini kabisa. "Nimemfanyia mama sapraizi," aliniambia.

Macho ya mama yalikuwa yamefifia kwa presha ya macho. Alikuwa anaona mwanga wa madirisha tu, lakini ndani ya nyumba yake alikuwa hashikwi mkono. Aliingia, akanusa saruji mbichi, akatushukuru. Kisha akaweka kiganja ukutani, akaanza kutembea kuelekea chumbani kwake. Akafika katikati, akasimama. Akapapasa juu, akapapasa chini.

"Hapa ni wapi?" aliuliza.

"Koridoni, mama," kaka akamjibu.

"Korido ya nani?"

Alisema kwa upole, bado anapapasa ukuta. Nilimletea kigoda akakaa. Ndipo akatueleza. Macho yalipoanza kumsumbua, hakutaka kututia wasiwasi, akajifunza ukuta. Tofali lenye pembe iliyovunjika lilimwambia amefika jikoni. Karibu na mlango wa chumba chake palikuwa na tofali lenye alama ya unyayo wa mtoto, aliyelikanyaga likiwa bado bichi.

"Mtoto gani?" niliuliza.

"Baba yenu. Babu yenu alikataa kulitupa."

Tumekulia katika nyumba ile na hatukuwahi kuligundua.

Kaka alitoka nje, akarudi na ndoo ya maji, nyundo na patasi. Alianza kulowanisha lipu na kuibandua taratibu, kipande kwa kipande, asiyajeruhi matofali. Nilitaka kumwita fundi, akakataa. Mama alikaa palepale, mara kwa mara akinyoosha mkono kukagua.

"Hapo bado. Shuka kidogo, mwanangu."

Unyayo ulipotokea, mdogo, vidole vyote vinaonekana, kaka aliweka nyundo chini. Akaushika mkono wa mama, akaupeleka pale. Kisha akaweka wake juu ya wa mama. Nikasikia kaka anavuta makamasi.

Hakurudi Chunya wiki ile kama alivyopanga. Alibaki kuziba nyufa kwa udongo na chokaa, jinsi babu alivyofanya. Siku hizi mvua ikinyesha, yeye ndiye wa kwanza kupiga simu kuuliza vigae vinaendeleaje.