Vitabu Tusivyovianika

Enzi zetu, enzi za Mjerumani, kitabu hakikushikwa na mikono inayonuka usipa, dagaa wa Ziwa Nyasa. Sisi watoto wa Kikisi tulinawa ziwani kwanza, tukasugua viganja kwa mchanga, ndipo Mwalimu Andongwisye atufungulie chumba cha vitabu pale misheni, walikosomeshwa walimu. Leo kijana anageuza kurasa kwa kidole chenye mafuta ya maandazi, na ukimwonya anakucheka.

Awali vitabu havikutoka. Vilisomwa humo humo, Mzungu wa misheni akitazama. Mwalimu alimbembeleza mpaka vikaruhusiwa kwenda majumbani. Jioni tulisoma kwa sauti huku mama akifinyanga vyungu, ndizi zikichemka jikoni. Tulichokigombania ni kile alichokiandika Mwalimu kwa mkono wake: masimulizi ya wazee wetu, wengi wao wakiwa wameshazikwa. Hakikuwa na mwenzake duniani.

Vita vikaja, askari wakamchukua Mwalimu kuwa mpagazi. Asubuhi ya kuondoka, mvua ikinyesha, alimletea mama vile vitabu vichache vilivyobaki, kikiwemo kile chake, amevifunga kwa majani ya mgomba.

"Mama, nitunzie. Nikirudi tutaendelea."

"Ndaga, asante, mwanangu. Nitavitunza kama mbegu."

Na ndivyo alivyofanya. Alivitia ndani ya chungu kikubwa, akaziba mdomo kwa udongo na majivu, akakifukia pembeni ya jiko. Ila mbegu ya mpunga huanikwa juani kwanza. Vitabu nani aliwahi kuvianika? Hakuna hata mmoja wetu aliyewaza.

Vita viliisha, Mwalimu hakurudi, na kaburi lake hatulijui. Mama alingoja miaka, akikataa kufungua amana ya mtu. Tulipokivunja chungu tulikuta bonge jeusi lenye ukungu, ukurasa haubanduki kwa mwenzake. Mama alilia kilio cha msiba. Tangu siku hiyo hadi kufa kwake alianika kila kitu, hata vyungu vilivyokwisha kuchomwa, na sisi tuliona uchungu hata kumkataza.

Juzi mjukuu wangu alinipeleka kuona maktaba ya chuo chake. Rafu zimefika darini, vijana wamelalia meza, mmoja anakoroma.

"Bibi, humu kila kitu kipo," akajigamba. "Wewe taja tu, utaletewa."

Nilishika kimoja. Kilikuwa kikavu, kurasa zinafunguka zenyewe. Nikakirudisha mahali pake, nikamwomba anipeleke nyumbani.