Mikono ya Rangi

Mke wangu alipoanza kupotewa na kumbukumbu, kitu cha kwanza alichokikataa kilikuwa jiko.

Tulikuwa tumehama Mbeya na kuja hapa Mlandege, mjini Iringa, ili tuwe karibu na binti yetu. Nyumba aliyotutafutia ni nzuri kuliko ile tuliyoiacha, na ninamshukuru Mungu kwa ajili yake. Ina maji ndani. Jikoni kuna kaunta ya saruji inayofuata kuta mbili, ya kijivu, imemeguka kingo kwa sababu ya wapangaji wengi. Mke wangu alisimama mlangoni akaitazama, kisha akarudi sebuleni, akaketi na mkoba wake mapajani kama mtu anayengojea basi.

Kwao Tukuyu alifundishwa kwamba mwanamke haingii jikoni kwa mwenzake mpaka akaribishwe. Mengi yalimtoka kichwani, lakini hilo lilibaki. Basi akawa mgeni. Chakula kikiletwa anakula matonge machache, anaisukuma sahani na kusema, "Ndaga, asanteni, nimeshiba," kwa adabu ya mtu asiyetaka kumaliza chakula cha watu. Alikonda mpaka pete ikawa inamtoka kidoleni. Siku moja binti yetu aliingia kutujulia hali, na mama yake akapiga goti mbele yake.

"Shikamoo, mama mwenye nyumba."

Binti yangu alitoka nje. Nilimkuta ameegemea ukuta, upepo wa Iringa ukimpigapiga kanga.

"Baba, Mama amenipa shikamoo."

"Nimesikia."

"Nimeitikia, Baba. Nimesema marahaba. Ningesema nini?"

Nilijua tu kwamba mke wangu asipopata jiko lake atakufa njaa kwa heshima.

Jiko lake lilikuwa Mbeya. Kaunta yake ilikuwa ya mbao za mninga nilizozinunua sokoni Mwanjelwa tulipokuwa na nguvu, na fundi akazipiga randa uani kwetu huku mvua ikitunyeshea. Alizipenda kuliko makochi. Juu ya mbao hizo alikata mboga, alikanda unga wa maandazi ya kwaya, na jioni aliegemeza viwiko vyake akanisimulia ya siku nzima. Mbao zenyewe zilibaki kwa watu walionunua nyumba.

Binti yangu ndiye aliyenionyesha kwenye simu watu wa mbali wakipaka kaunta zao kuukuu rangi zifanane na mbao za zamani.

"Hawa watu hawana kazi," nikasema. "Mtu ana kaunta nzima, anaifanya ionekane mbao mbovu."

"Na wewe, Baba, si ndiyo hiyo mbao mbovu unayoitafuta?"

Dukani nilikoenda kununua rangi, muuzaji alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka. "Mzee wangu, wenzako wanapaka mbao ifanane na marumaru. Wewe unaacha saruji, unataka mbao! Umeamua kurudi kijijini?" Nikacheka naye. Ni vizuri kucheka na watu hata kama moyo hauko pale.

Nilikuwa na neno moja na Mungu kabla ya kufungua makopo. Kwa miaka mingi niliwafundisha watoto wa kipaimara kwamba kumdanganya mtu ni kumwibia. Sasa nilikuwa na brashi mkononi, najiandaa kumdanganya mke wangu niliyemwoa madhabahuni. Niliomba nionyeshwe kama ni dhambi. Sikuonyeshwa kitu. Nikaanza kusugua saruji kwa msasa.

Mafundi rangi husema mkono: mkono wa kwanza, mkono wa pili, yaani rangi inavyopita na kupita tena. Mkono wa kwanza nilipaka kahawia nyepesi, kama chai ya maziwa. Ilipokauka nikachovya brashi ngumu kwenye rangi nyeusi zaidi, nikaikausha kwa tambara, nikaivuta taratibu kutoka mwisho huu hadi ule ili iache mistari. Kwa msumari nikachora mahali ambapo ubao mmoja ungekutana na mwingine. Macho ya mbao, yale mabaka ya mahali matawi yalipoota, niliyafanya kwa kidole gumba. Nilikumbuka kwamba ubao wa dirishani, kule Mbeya, ulikuwa na jicho karibu na ukingo, na yeye alizoea kuweka kikombe changu juu yake. Nikaliweka hapo hapo. Vanishi ikafunga kazi.

Ilikuwa Ijumaa. Aliingia jikoni akinitafuta, akasimama. Akaupeleka mkono wake juu ya kaunta, polepole, mpaka ukafika kwenye lile jicho. Alichukua kisu akaanza kumenya ndizi. Usiku ule alikula sahani nzima, akajiongezea.

Nililala nikishukuru. Nilichosahau ni siku inayofuata Ijumaa.

Mbeya, kila Jumamosi, alisugua mbao zake kwa majivu na mchanga ili Jumapili izikute nyeupe. Wanawake wa rika lake wote walifanya hivyo, na hakuna mbao ya jikoni iliyosalimika. Asubuhi nilisikia sauti ya kukwaruza na sauti yake akiimba, jambo ambalo sikuwa nimelisikia tangu tuhamie. Nilimkuta amejifunga kanga kiunoni, kopo la majivu ya mkaa pembeni, anasugua kwa nguvu zake zote. Rangi ilikuwa inatiririka chini kama tope.

"Mwalimu," akaniita, jina aliloniitia maisha yetu yote, "nani alikaa jikoni kwangu? Mbona mbao zimechafuka hivi? Umesimama tu! Lete maji."

Nikaleta maji. Ningeweza kumzuia. Lakini alikuwa amesema jikoni kwangu.

Kisha akaifikia saruji. Mkono ukasimama. Aliitazama ile kijivu, akanitazama mimi, na nikamwona akiondoka machoni pake. Akafuta mikono, akapiga goti.

"Nisamehe, baba. Nimeharibu kitu cha watu. Mwenye nyumba atasema nini?"

"Mwenye nyumba ni wewe, mama."

"Usinitanie," akasema. Akaenda kuketi na mkoba wake.

Tangu hapo, kila wiki napaka upya. Vanishi nimeiacha, inamchosha bure. Naongeza mikono tu, rangi juu ya rangi, ili achelewe kuifikia saruji. Binti yangu anasema kaunta imevimba. Kuanzia Ijumaa jioni mpaka katikati ya Jumamosi mke wangu yuko kwake, anakula, ananigombeza kwa sababu ya maji. Siku nyingine ni mgeni, nami ni baba fulani mwenye adabu anayemletea uji. Namshukuru Mungu kwa hiyo siku moja isiyotimia.

Jumamosi iliyopita alisugua kidogo, akapumzika, akasugua tena. Mikono yake imebaki mifupa. Aliishia kwenye mkono wa pili wa rangi, akaacha tambara juu ya lile jicho, akasema mbao zimetakata. Saruji haikuonekana. Ndicho nilichokuwa nikikiomba.

Nilichukua tambara na kuendelea kusugua badala yake, polepole, mahali palepale, ili asikie ile sauti ya kukwaruza na ajue bado yuko jikoni kwake.